Pua ya Bwana Afya

Mtu ambaye hajawahi kubeba kreti za chupa za kioo kutoka Ihanda mpaka Rubwera, kwa pikipiki ya matairi matatu, asinifundishe uvumilivu. Mimi nimezibeba. Nimezifunga moja moja kwa majani makavu ya mgomba, nimeendesha polepole mpaka waendesha baiskeli wakanipita wakinipa pole, na bado nikifika dukani nakuta moja imepasuka na juisi imelowanisha zote zilizobaki. Nyuki wanajua ratiba yangu kuliko wateja. Na kila nilipolalamika, yule mzee aliyenifungia mzigo alinijibu neno lilelile: "Barabara ndiyo mbovu, chupa haina kosa."

Watu wote walimwita Bwana Afya. Alikuwa ameshastaafu kazi ya ukaguzi wa afya zamani, na ofisini kwake wamekaa vijana wengine wawili watatu tangu aondoke, lakini jina lilikataa kustaafu. Hata mkewe alimwita hivyo akiwa amekasirika. Akiwa hajakasirika hakumwita kitu, alimsogezea tu kiti.

Biashara yetu ilikuwa ya juisi ya ndizi, ile tamu isiyolewesha, ambayo huku kwetu tunaita omuramba. Yeye alikuwa na migomba na mtumbwi wa kukanyagia ndizi, mimi nilikuwa na pikipiki na duka dogo Rubwera, karibu na ofisi za wilaya, ambako watumishi wa serikali hupita mchana wakitafuta kitu cha baridi. Mzee ana bidhaa, kijana ana miguu. Ungedhani mambo yangenyooka. Hayakunyooka, kwa sababu Bwana Afya alikuwa amekula kiapo kwamba juisi yake haitaingia kwenye chupa ya plastiki hata siku moja, na mimi nilikuwa na wateja ambao hawakutaka kitu kingine.

Nieleze kiapo kilitoka wapi, maana hakikutoka kwenye semina. Alipokuwa kazini alikagua nyama machinjioni. Siku moja aliletewa ng'ombe wa mfugaji mmoja, ng'ombe aliyekonda wakati wenzake wamenenepa kwenye nyasi zilezile. Walipopasua tumbo wakatoa bonge la mifuko, vifuniko na vipande vya makopo ya plastiki, vimesokotana vikawa kitu kimoja kigumu. Mfugaji alilitazama lile bonge, akavua kofia, akauliza kama ni ugonjwa unaoambukiza. Bwana Afya kila alipofika hapo aliuliza: "Ningemwambia nini? Ndiyo, unaambukiza, na wanaoambukiza ni sisi tunaotupa."

Hadithi hiyo ilikuwa ya kweli na ilikuwa na uzito wake. Tatizo ni kwamba aliisimulia watu wakiwa wanakula. Sijui kwa nini nyama mezani ndiyo iliyomkumbusha, lakini sijawahi kumwona akiisimulia watu wakiwa wameshiba. Kwenye harusi ya mpwa wangu alisimama kutoa nasaha kwa maharusi, akafika kwenye tumbo la ng'ombe wakati sahani za pilau zinapita. Baba wa bibi harusi alimnong'oneza mshereheshaji, mshereheshaji akaona ni wakati wa muziki. Bwana Afya aliketi akiwa ameridhika kabisa. Aliniambia, "Umeona walivyonyamaza? Imewaingia."

Na usifikiri alikuwa mtu wa kuishi bila plastiki. Nyani haoni kundule. Maji yake ya kisimani yalikaa kwenye madumu ya plastiki ya njano, kiti alichokalia uani kilikuwa cha plastiki, kimepasuka mguu na kushonwa kwa waya, na kwenye mvua alivaa viatu vya plastiki vya rangi ya samawati ambavyo hata mtoto wa shule angeona haya kuvivaa. Nilimtajia siku moja, kwa hasira, nikihesabu kimoja kimoja kwa kidole. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Dumu hili ninalo tangu binti yangu mkubwa hajaolewa," alisema. "Sasa ana wajukuu. Hilo kopo lako la juisi litakaa mkononi mwa mtu muda gani? Mpaka afike kwenye kona." Halafu akaongeza msemo wake: "Kitu kisicho na pa kurudi ni taka, hata kikiwa kipya."

Unaona alivyokuwa? Unakwenda kwake na hoja iliyonyooka, unarudi nayo imekunjwa na kuwekwa mfukoni mwake.

Chupa zake zilikuwa na pa kurudi. Utaratibu ulikuwa ule wa soda za zamani: lete tupu, chukua iliyojaa. Tulizikusanya kwenye baa na kwenye sherehe, akaziloweka mpaka lebo zikatoka, akazisugua ndani kwa kokoto ndogo na maji ya moto, vilevile wazee walivyosugua vibuyu. Zilitoka zinang'aa. Mpaka hapo sina ugomvi naye. Ugomvi unaanzia kwa binadamu, kwa sababu chupa ya kioo ikifika kwenye nyumba ya mkulima hairudi hivihivi. Ni chupa nzuri, ina shingo, inaziba. Atawekea mafuta ya taa. Atapimiwa humo dawa ya kunyunyizia kahawa. Mfugaji atakwenda kwenye duka la pembejeo kununua dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, na kwa kuwa hana haja ya kopo zima atamiminiwa kidogo kwenye chupa aliyokuja nayo. Dawa ikiisha, chupa inasuuzwa kwa maji ya mtoni na inarudishwa kwangu kwa uso mkavu: "Nipe iliyojaa."

Kwa hiyo kila chupa iliyorudi ilinuswa. Hii ndiyo ilikuwa kazi ya Bwana Afya, na hakumwachia mtu. Aliketi kwenye benchi uani asubuhi kabla moshi wa jikoni haujaanza, chupa zimepangwa kushoto kwake, akaiinua moja, akaifunika mdomo kwa kiganja, akaipasha moto kidogo kwa mikono yote miwili, akaachia kiganja na kuingiza pua. Safi ilikwenda kulia. Iliyobeba mafuta au dawa ilikwenda shimoni, hata kama ni nzuri kiasi gani, hata ukimwambia ioshwe mara kumi. "Hii ya dawa ya kahawa," angesema. "Hii ya mafuta ya taa. Hii ilikuwa na dawa ya kikohozi, mtoto amepona." Aliwahi kunusa chupa akaniambia imetoka nyumba inayofuga mbuzi, na kwa kweli ilitoka kwa mtu wa mbuzi.

Biashara yote ilisimama juu ya pua ile. Hakukuwa na mashine, hakukuwa na kipimo cha maabara. Kati ya dawa ya kupe na koo la mtoto wa mtu, palikuwa na pua ya mzee mmoja, na mzee huyo alivuta ugoro.

Ndiyo, ugoro. Alikuwa nao kwenye kikopo kidogo mfuko wa shati. Nilimuuliza itakuwaje pua inayolinda watu kujazwa tumbaku. Alisema ugoro unasafisha njia. Mkewe, aliyekuwa anachambua maharage pembeni, alisema bila kuinua kichwa, "Na shetani naye anasafisha njia." Sikucheka mbele yake, nilicheka nikiwa barabarani.

Hilo shimo la chupa mbovu nalo lina habari yake. Lilikuwa nyuma ya nyumba, kwenye mpaka na njia ya ng'ombe, na alilifunika kwa matawi tu. Ng'ombe wa jirani mmoja mfugaji, mtu asiye na maneno mengi, alipita pale akakanyaga kipande cha kioo, ukwato ukapasuka. Yule mtu aliyekataa plastiki kwa ajili ya tumbo la ng'ombe alikuwa amemkata ng'ombe mguu kwa kioo. Nilitegemea angetafuta hoja. Hakutafuta. Alijaza rubisi, ile pombe ya ndizi ya heshima, kwenye kibuyu, akaziba kwa jani la mgomba, akavaa koti na kwenda kwa jirani kwa miguu. Alikaa huko mchana kutwa. Akarudi, akalifukia shimo lile na kuchimba jingine karibu na choo, lenye mfuniko. Alikuwa mtu wa kukubali kosa kwa ng'ombe upesi kuliko kwa binadamu.

Kwa upande wangu, Rubwera hawakuwa na huruma. Mtumishi wa ofisini anataka kitu cha kuweka kwenye mkoba, akinywe nusu, akifunge, aingie kikaoni. Wewe unampa chupa ya kioo iliyozibwa kwa jani la mgomba lililobabuliwa motoni na kufungwa kwa kamba ya mgomba. Dada mmoja mgeni aliigeuza mkononi akaniuliza kama ni dawa ya kienyeji na inatibu nini. Mwingine alikubali kununua, lakini nilipomwambia arudishe chupa alinitazama kwa mashaka makubwa. "Kwani nimeiazima?" Wenye maduka ya jirani waliweka juisi za viwandani kwenye makopo yao ya rangi, wakauza, wakafunga, wakaenda nyumbani. Mimi nilizunguka kwenye milango ya ofisi kuuliza chupa tupu.

Nilimbembeleza. Nilimletea kopo la plastiki lenye maandishi kwamba linarejelezwa. Akalisoma na kuligeuza. "Na nani?" akauliza. "Kuna mtu anayelichukua hapa Karagwe? Kyerwa je? Nionyeshe nyumba yake." Sikuwa na nyumba ya kumwonyesha. Makopo yetu yanachomwa nyuma ya nyumba au yanashuka na mvua mpaka bondeni, kila mtu anajua. Nilimwambia sawa, mzee, lakini sisi si serikali, sisi ni wauza juisi. Akasema, "Ndiyo maana nakuambia wewe. Serikali ningeiandikia."

Kuhusu lile jani la mgomba, halikuwa ukaidi tu. Mwanzoni tulifunga kwa vizibo vya bati, kwa mashine ya mkono aliyoiagiza Bukoba, na chupa zilipendeza kweli. Kazi ya kukanyaga ndizi ilifanywa na mzee mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi, mtu aliyezaliwa kwa ajili ya mtumbwi ule. Miguu yake ilijua ndizi iliyoiva vizuri kabla ya macho. Sasa, rubisi hutiwa mtama uliokaangwa ili iumuke. Juisi haitiwi. Bwana Afya alimweleza hivyo, akamweleza tena, na yule mzee akaitikia "ndiyo waitu" kwa adabu zote. Kisha akiwa peke yake na mtumbwi, mkono wake ulichota mtama wenyewe, kidogo tu, ukatupia. Tukaziba kwa bati. Nikabeba, nikapanga kwenye rafu Rubwera, kwenye joto la mchana.

Ngoma ikivuma sana hupasuka. Ya kwanza ililipuka wakati afisa mmoja ananunua vocha. Alilala chini. Ya pili ikafuata, ya tatu, na mimi nikajificha nyuma ya gunia la sukari nikisikiliza mtaji wangu unavyopiga mizinga. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini kwa muda mrefu watu walipita dukani kwangu wakiwa wamejikinga uso kwa mkono, wengine kwa utani, wengine si kwa utani.

Nilikwenda Ihanda nikiwa nimeiva kwa hasira. Mkanyagaji alikiri pale pale. "Mikono yangu haijui juisi, waitu," alisema. "Inajua pombe. Omuramba bila mtama naona kama nimemwacha mtoto uchi." Nikamgeukia Bwana Afya: kopo la plastiki lingevimba kwanza, lingetuonya! Kioo hakionyi! Akasema nina haki. Nilishtuka, nikadhani siku yangu imefika. Kisha akasema kibuyu hakijawahi kulipuka tangu dunia iumbwe, kwa sababu jani linaachia pumzi. Kuanzia siku hiyo tukaacha vizibo, tukahamia majani. Hivyo ndivyo nilivyoshinda hoja nikapata mzigo mbaya kuliko ule wa kwanza.

Ningeweza kuondoka. Mke wangu aliniuliza mara nyingi kwa nini siondoki. Jibu la kweli ni kwamba juisi ile ilikuwa tamu kuliko zote, na kwamba mzee yule alinikasirisha kwa namna ambayo nilirudi kila wiki kumalizia ubishi. Nilimpenda, basi. Kumpenda hakukunipunguzia hasira hata kidogo.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa ya juzijuzi, baada ya masika. Wakati wa mvua zile aliugua mafua makali, akalazwa, akatoka amepungua shingo. Alirudi kwenye benchi lake mapema kuliko alivyoruhusiwa. Nami nikaendelea kubeba.

Nilifika asubuhi ya Jumapili, kwa sababu kulikuwa na kipaimara Kihanga na familia moja ilikuwa imechukua juisi nyingi siku iliyotangulia, na wakataka nyongeza. Nilimkuta uani, chupa kushoto, chupa kulia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umechelewa. Panga hizo za kulia zikajazwe, zimeshapita."

Nikaanza kuzipanga kwenye kreti. Ya tatu au ya nne hivi, nikiwa nimeiinamia, harufu ilinipiga usoni. Dawa ya kupe. Haikuwa harufu ya kutafuta. Ilikuwa harufu ya josho zima. Nilidhani amekosea upande. Nikamtazama akichukua nyingine, akaifunika kwa kiganja, akaipasha moto, akaingiza pua, akafumba macho kama kawaida. "Safi," akasema, na kuiweka kulia. Nikaichukua. Mafuta ya taa.

"Mzee, hii inanuka."

"Inanuka nini?"

"Mafuta ya taa. Na ile dawa ya kupe."

Hakugeuka. "Wewe tangu mwanzo unataka makopo," alisema. "Nilijua siku moja utakuja na hili."

Hapo nilikasirika kweli. Miaka yote nimebishana naye kwa maneno ya ukweli na ya uongo, na siku ninaposema jambo lisilo na faida kwangu, ndiyo siku anayoniona tapeli! Nikamwambia haya si mambo ya makopo, ni mambo ya watu kufa. Akainua ile chupa, akainusa tena, kwa nguvu, mpaka nikaona kifua kinapanda. "Safi," alisema. Lakini mara hii alisema polepole.

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alisimama hapo tangu lini. Hakuja kunusa chupa.

"Alhamisi maharage yaliungua," alisema. "Ulikuwa umekaa pale jikoni, sufuria iko karibu na goti lako. Moshi ulipokuingia machoni ndipo ulipouliza kuna nini."

Bwana Afya alimgeukia, ile chupa bado mikononi.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilisubiri useme wewe. Pua ni yako."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilitegemea tungefika kwenye kilio chake yeye, cha uzee, tumpe pole na maisha yaendelee. Lakini alikuwa amekwishafika mbali kuliko mimi. Uso wake ulibadilika, akasimama, chupa ikaanguka kwenye majani bila kuvunjika.

"Za jana," alisema. "Za Kihanga. Nilizinusa mimi."

Nilimpigia mke wangu simu asiuze chupa hata moja dukani. Sikumbuki tulivyopakia. Nakumbuka amekaa nyuma kwenye bodi ya pikipiki, kati ya kreti tupu, amevaa viatu vyake vya samawati, amejishika kwenye chuma kwa mikono miwili, ananipigia kelele niongeze mwendo. Yeye, ambaye alinigombeza kila siku kwa sababu ya mwendo! Niliendesha barabara ile mbovu nikimlaani yeye, mafua, wafugaji, wauza pembejeo na mimi mwenyewe. Mtoto mmoja akinywa chupa moja, tumekwisha. Hakuna hoja ya ng'ombe wala ya taka itakayosimama mbele ya jeneza la mtoto aliyepata kipaimara.

Tulipofika, turubai lilikuwa limefungwa, viti vimepangwa, na watu hawajarudi kanisani. Chupa zetu zilikuwa mezani zimesimama kwa mistari, majani ya kijani yamefungwa vizuri kwenye shingo. Zilipendeza. Mama mwenye sherehe alitoka jikoni akifuta mikono, akafurahi kutuona, akadhani tumeleta nyongeza. Nilifungua mdomo kutunga jambo, tuseme juisi imechacha, tutaleta nyingine. Bwana Afya alinigusa bega.

"Mama, juisi hii isinywewe," alisema. "Nilizinusa chupa mimi mwenyewe, na pua yangu haisikii tena. Nilijua tangu nitoke hospitali. Nilidhani itarudi."

Yule mama alimtazama, akaitazama meza, kisha akaanza kupiga kelele. Alikuwa na haki. Alisema watoto wake, alisema wageni wa Askofu, alisema mzee mzima, mtu wa afya! Mzee alisimama pale, kofia mkononi, akazipokea zote. Mimi nilifungua majani na kunusa. Nilinusa mpaka kichwa kikaniuma. Nyingi zilikuwa nzuri kabisa. Nikaanza kujipa moyo. Kisha nikaipata, kwenye mstari wa mbele, mahali ambapo mkono wa mtoto ungeanzia. Utamu wa ndizi ulikuwa juu, na chini yake ile harufu.

Tulimwaga zote, nzuri na mbaya, kwenye shina la migomba nyuma ya choo. Hakutaka nichague. Mama mwenye sherehe alituma pikipiki dukani, na wageni waliporudi wakiimba walikuta soda na maji kwenye makopo ya plastiki. Kwa kuwa sisi Wanyambo hatumfukuzi mzee kwenye sherehe hata akitukosea, alipewa kiti na kopo lake la maji. Alilinywa lote. Lilipoisha, alilitazama, akalizungusha mkononi akitafuta pa kuliweka, kisha akaliingiza mfukoni mwa koti.

Wakati wa kurudi niliona ndiyo nafasi yangu. Si uungwana kumpiga mtu aliyeanguka, najua, lakini nilikuwa nimechoka. Nilimwambia kwa sauti ya kushinda injini: mzee, sasa tukubali makopo. Angalau kwa Rubwera. Kopo jipya halina habari za nyuma, halijawahi kulala na dawa ya kupe, halihitaji pua ya mtu. Tulishuka mteremko, tukavuka daraja, tukaingia uani kwake, nikazima pikipiki. Alishuka kwa shida. Nilimshika mkono.

"Ile chupa," alisema. "Ilikuwa inanuka sana?"

"Sana, mzee."

"Mtoto angejua?"

Ningeweza kumdanganya, ingekuwa rahisi. "Mtoto akiwa na kiu hanusi," nilimwambia. "Angekunywa."

Alitikisa kichwa, akasimama ameshika ubao wa pikipiki. Nikaona machozi yanashuka na hakuyafuta. Nilifikiri, sasa atasema. Baada ya miaka yote hii atasema sawa, lete hayo makopo yako, na mimi nilishaanza kuona haya kwa ushindi wenyewe.

"Wewe pua yako nzima?" aliuliza.

Nilielewa anakokwenda kabla hajafika. Nilitaka kuipiga pikipiki teke. "Mzee, mimi naishi Rubwera. Nina duka. Nina mke."

"Nakuuliza pua."

"Nzima."

"Basi kesho uje kabla ya moshi wa jikoni. Na yule mzee mkanyagaji atanusa baada yako, pua mbili, tusirudie kosa la kumtegemea mtu mmoja."

Nilimwambia sitakuja. Nilimwambia kwa sauti kubwa, mkewe akatoka kusikiliza. Nilimwambia nimechoka na chupa, nimechoka na majani, nimechoka na yeye, na kwamba ulimwengu mzima unakunywa kwenye plastiki na sisi wawili hatutauzuia kwa pua zetu.

"Na usile kitunguu usiku," alisema, akaingia ndani.